Anko Alfred na Mlima Usio na Miti

Dharau ingekuwa kazi ya mshahara, Anko Alfred angekuwa amestaafu kitambo. Bahati mbaya hailipi, kwa hiyo anagawa dawa katika nyumba ya wazee huko Oakdale, Minnesota, shifti ya asubuhi, na dharau anaifanya kama ovataimu.

Analidharau gari la rafiki yake Zachariah kwa sababu limetengenezwa Korea. Anawadharau watu wa Minneapolis kwa kuishi Minneapolis, na watu wa Saint Paul kwa kujiona si watu wa Minneapolis. Anaidharau hata baridi ya siku hizi. Baridi ya kweli, anasema, ilikuwa ile aliyoikuta yeye aliposhuka kwenye ndege akiwa na suti ya harusi na viatu vya ngozi. Chapati za mama yangu anazidharau huku akinyoosha mkono kuchukua nyingine.

Amemwoa Anti Alice, dada ya mama. Yeye ni Mkipsigis wa Bomet, Anti ni Mkisii, kwa hiyo nyumbani kwao lugha ni Kiswahili, na dharau inatufikia sote nzima nzima, haimwagiki njiani. Kazini, ajabu ni kwamba wale wazee wanampenda. Nilidhani ni upole anauficha huko, nikamuuliza Anti. Akaniambia hapana, ni kwamba anawadharau watoto wao wasiokuja kuwaona, na wazee wanafurahi kumpata mtu wa kuwasengenya naye.

Kabla ya kuja Marekani alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, somo la kilimo. Ukimsikiliza, Bomet nzima ilikuwa inakula kwa sababu yake. Nyuma ya nyumba ana shamba la managu, sukuma wiki na mistari ya mahindi, na amelizungushia uzio wa waya kwa ajili ya kulungu wa Oakdale, ambao nao anawadharau. Kwake mimea ni ya aina tatu: ya kuliwa na watu, ya kuliwa na ng'ombe, na takataka.

Sasa mtu kama huyo, Mungu akampa mtoto mmoja tu, na mtoto huyo akaenda kusomea takataka.

Binti yake, Chepkemoi, anachunguza mimea ya porini katika mlima mmoja Alaska, kaskazini ya Fairbanks, juu kabisa, pale ambapo miti imechoka kupanda. Kila msimu wa joto anaenda kulala kifudifudi kule juu na kuhesabu kinachoota. Kanisani Zachariah akiuliza, "Binti anasomea nini siku hizi?" Anko anajibu, "Mambo ya dawa." Zachariah akiuliza kama ni udaktari, Anko anasema, "Hapo hapo karibu," kisha anabadilisha mazungumzo yaende kwenye gari la Korea.

Msimu wa joto uliopita Chepkemoi alimaliza shahada ya uzamili, na Anti Alice akachoka.

"Baba Chepkemoi," alisema, "utakufa hujaona mtoto wako anafanya nini."

"Najua anachofanya. Anahesabu nyasi."

"Basi twende tukaone nyasi."

Mimi nilichukuliwa kwa sababu shule zilikuwa zimefungwa, na kwa sababu mama alisema ni vizuri awepo angalau mtu mmoja mwenye hamu. Anko alikataa kununua viatu vya kupandia mlima. Alisema hivyo ni vya watu ambao hawakufunzwa kutembea. Akaenda na viatu vyake vya kazini, vile vyeupe vya nyumba ya wazee.

Gari lilitufikisha mwisho wa barabara, tukapanda kwa miguu. Miti ilizidi kuwa mifupi, ikawa kama watu wanaoinama kwenye upepo, halafu ikaisha. Mbele yetu kukawa na mgongo wa mlima tu, rangi ya mkeka uliofifia, na mbingu kubwa. Chepkemoi alikuwa anatungoja pale, uso umeungua kwa jua, anacheka peke yake kwa furaha ya kutuona.

Anko akasimama, akavuta pumzi, akatazama kushoto na kulia.

"Miti iko wapi?"

"Umeukanyaga mmoja, Baba."

Akainua mguu. Chini ya kile kiatu cheupe kulikuwa na kitu kilicholala bapa juu ya udongo, vijitawi vigumu kama vya mti kweli, majani ya mviringo madogo kama kucha.

"Huu?"

"Huo. Na huenda umekuzidi umri."

"Mti wa kutia mfukoni," Anko alisema. "Huku hata miti imekata tamaa."

Nakiri kwamba mwanzoni nilikuwa upande wake. Ukisimama, mlima ule ni zulia kuukuu. Lakini Chepkemoi aliniambia nipige magoti, nikapiga, na zulia likafunguka. Kulikuwa na kitu kama mto wa kukalia, kijani, kimebanana hivi kwamba kidole hakiingii, na juu yake maua ya waridi yasiyozidi kichwa cha pini. Kulikuwa na ua jeupe lenye moyo wa njano ambalo hugeuza uso kulifuata jua siku nzima kama dishi la televisheni, na wadudu wanakuja kukaa ndani yake kuota joto. Kulikuwa na mmea uliojifunika manyoya kama mtoto aliyefungwa blanketi na bibi mwenye wasiwasi. Kulikuwa na vitu vya kijivu, vingine kama majivu yaliyoganda, vingine kama sukuma iliyokauka, na Chepkemoi akasema vile si mimea hata kidogo, ni kuvu na mwani vimeamua kuishi pamoja, kimoja kinajenga nyumba na kingine kinapika. Niliuliza ni kipi kinachopika. Akafurahi hadi akakaa chini.

Anafanya kazi na fremu ya waya, mraba wa mita moja. Anaiweka chini na kuhesabu kila kilicho ndani. Ndani ya fremu moja, alisema, hupata aina ishirini na zaidi.

"Katika uwanja wa mbele wa nyumba yetu Oakdale kuna aina ngapi, Baba?"

"Moja. Kwa sababu mimi ni mtu safi."

"Ndiyo. Moja."

"Mbuzi mmoja," Anko alisema akipepesa macho kwenye mlima mzima, "mbuzi mmoja tu, tena wa Bomet, angemaliza haya yote kabla ya chai ya saa nne."

Kwenye mahema tulimkuta Lenny, mwalimu wake Chepkemoi, mzee wa Kizungu wa Saint Paul mwenye ndevu na magoti mabovu. Alituchemshia chai ya vifuko. Anko aliionja, akaniambia kwa sauti ambayo hakujali inafika wapi kwamba hayo ni maji yaliyosikia tu habari za majani. Lenny akatabasamu. Hajui Kiswahili, na ninashukuru.

Halafu Lenny akatupeleka kwenye uzio. Ulikuwa kipande kidogo cha mlima kilichozungushiwa waya, ukubwa wa meza ya chakula ya nyumba kubwa. Aliujenga mwenyewe alipokuwa kijana, ili kulungu wakubwa wa kaskazini wasile kilicho ndani, halafu aone mlima unageuka vipi bila meno. Kila mwaka kilichomo kimehesabiwa, jani kwa jani, tangu kabla Chepkemoi hajazaliwa. Ndani mimea ilikuwa imenenepa kweli, imeingiliana kama nywele ambazo hazijachanwa. Nje ya waya ilikuwa mifupi, imetafunwa.

"Mimi mwaka huu ninaacha," Lenny alisema. "Mlima huu utachunguzwa na mtu mmoja baada yangu. Ni Chepkemoi au kijana mwingine aliye upande wa pili wa bonde. Chepkemoi akinipa hesabu kamili ya ndani ya uzio huu, ni wake."

Anko anaelewa Kiingereza vizuri sana, lakini Chepkemoi alimtafsiria hata hivyo, polepole, akimwangalia usoni. Nadhani alitaka aisikie kutoka kinywani mwake.

"Kwa hiyo ni urithi wa nyasi," Anko alisema.

"Wangu, Baba. Kesho nahama upande ule kumaliza fremu za nje, kesho kutwa naanza ndani ya uzio. Hiki ndicho nimekitaka tangu siku ya kwanza."

Anko alikuwa ameinama juu ya waya. Ndani ya uzio kulikuwa na mmea mmoja mtambaazi, kamba ndefu za kijani zilizopita chini ya mimea mingine na juu yake, zimejaa vijani vidogo vikali kama mswaki. Akaupapasa.

"Huu haukauki?"

Lilikuwa swali lake la kwanza siku nzima ambalo halikuwa tusi. Chepkemoi karibu aruke.

"Haukauki. Hata chini ya theluji unabaki hivyo hivyo, kijani."

"Mm," Anko alisema. "Huu una akili kidogo."

Jioni yote Chepkemoi alikuwa anaimba akiosha vikombe. Alimwambia mamake, "Umeona Baba alivyouliza?" Anti Alice akasema ameona. Angejua yajayo, angeongeza mengi.

Hapa inabidi nieleze jambo la Wakipsigis. Mtu wao akishinda mbio, akichaguliwa, akimaliza shahada, anavikwa sinendet, taji la mmea mtambaazi wa kijani kutoka misitu ya kwao. Minnesota sinendet haioti, na uwanja wa ndege hauruhusu mtu kuingia na matawi ya Bomet. Kwa hiyo watu wa hapa hununua mizabibu ya plastiki kwenye maduka ya mapambo, wanaikunja, maisha yanaendelea. Anko Alfred, bila shaka, anaidharau plastiki hiyo kuliko vitu vyote. Anasema ukivikwa plastiki, shahada nayo ni ya plastiki. Na sherehe ya Chepkemoi ilikuwa imeshapangwa, Jumamosi ya wiki iliyofuata, ukumbi wa kanisa, Saint Paul.

Asubuhi ya kuondoka, Chepkemoi alituaga mapema akaenda na Lenny upande wa pili wa mlima. Sisi tulifunga mizigo. Anko akasema anaenda kunyoosha miguu. Alirudi magoti yakiwa na udongo, koti amelifunga hadi shingoni. Hatukuuliza. Mtu mzima akirudi na udongo magotini ameanguka, na ukimuuliza unamuaibisha.

Tulijua Oakdale, sanduku lilipofunguliwa juu ya meza ya jikoni. Ndani ya taulo, ndani ya mfuko wa duka, kulikuwa na rundo la mlima. Jikoni pakanukia baridi na utomvu. Anko akakunja mikono ya shati, akaanza kusuka, kamba juu ya kamba, bila kung'oa hata kile kilichokuwa kimeng'ang'ania humo, vidude vya kijivu, vijiti, manyoya, vyote akavipitisha humo humo. Ninasema kwa uchungu kwamba taji lile lilikuwa zuri. Mikono yake ina adabu kuliko mdomo wake.

"Umetoa wapi?" Anti Alice aliuliza.

"Shambani kwa binti yangu."

"Shamba lipi?"

"Kwani ana mangapi? Pale kwenye uzio."

Anti akakaa kwenye kiti. "Baba Chepkemoi. Ndani ya uzio?"

"Ulitaka nichume nje, yaliyotafunwa na wanyama? Mtu anavuna shambani, Alice. Uzio unawekwa kwa ajili ya wanyama, haujawekwa kwa ajili ya baba. Wewe ulishaona wapi baba anaomba ruhusa kuvuna kwa mtoto wake?"

Alikuwa anamaanisha. Hapo ndipo nilipoona kwamba dharau si jeuri tu, ni namna ya kutosikia. Alisimama pale akaelezwa kila kitu kwa lugha mbili, na masikio yake yakachagua neno moja, uzio, kwa sababu hata yeye anao.

Chepkemoi alipiga simu kesho yake. Anti aliiweka mezani, sauti ya juu. Alianza kwa salamu, kama mtoto aliyelelewa, akauliza safari, akauliza goti la babake linalomsumbua siku zote. Kisha akauliza, "Baba, ulipita kwenye uzio?"

"Nimepita."

"Ulikata au uling'oa?"

"Nilikata, kwa kisu cha mkate. Mimi si mshenzi."

Tulimsikia akihema. Nilidhani atalia, hakulia. Alisema Lenny ameuona uzio, amekaa chini kwenye mawe muda mrefu. Halafu akamwambia njia imebaki moja. Wakati mwingine watafiti hukata kipande kwa makusudi, wanatenganisha kila aina, wanakausha, wanapima uzito, na hiyo ndiyo hesabu. Kilichobaki ndani ya uzio wataendelea kukihesabu wenyewe. Kama kila kilichokatwa kitamfikia mikononi, jani kwa jani, mwaka huu utaokoka. Visipofika, uzio umekufa, na mlima unaenda kwa yule kijana wa upande wa pili.

"Kwa hiyo Baba, usikiguse tena. Weka kwenye friza kama kilivyo. Ninakuja Ijumaa usiku, Jumamosi asubuhi nitakichukua."

"Jumamosi ni sherehe."

"Kabla ya sherehe."

"Mama, sikiliza," Anko alisema kwa ile sauti ya kuwapa wazee vidonge. "Jumamosi unavikwa. Jumapili unachukua nyasi zako."

"Likivikwa litapukutika. Watu watalishika, watanikumbatia, watapiga picha. Baba, ni kazi ya maisha ya Lenny na mwanzo wa yangu."

"Ni nyasi. Zitaota."

"Zinaota upana wa kucha kwa mwaka."

"Basi ni za kivivu," Anko alisema, akakata simu.

Taji aliliweka kwenye friza ya gereji, juu ya nyama ya mbuzi, akaifunga na kutia ufunguo mfukoni. Anti alimsihi akitandika kitanda, akamsihi akipakua ugali. Alijibiwa kwamba mtu aliyepanda mlima na goti moja hawezi kufundishwa sherehe na watu waliobaki hemani. Ijumaa Chepkemoi alifika, akamkuta babake amelala, ufunguo uko chini ya mto. Jumamosi asubuhi, kabla hajaamka, Anko alikuwa ameshatangulia ukumbini na barafu na taji kwenye kibaridishi cha soda.

Ukumbi ulijaa. Kulikuwa na mursik, maziwa ya mgando ya Wakipsigis, iliyotengenezwa na mama mmoja wa Fridley, pilau, mandazi, watoto wakiteleza na soksi sakafuni. Lenny alikaa nyuma kabisa na sahani yake, akimwitikia kila mtu anayemsalimia, haelewi neno. Chepkemoi alikuja na gauni la kijani na boksi la mifuko ya karatasi kwapani. Watu walidhani ni zawadi.

Zachariah ndiye aliyekuwa akiongoza shughuli. "Sasa baba mzazi aje amvike mtoto wetu, mtaalamu wa mambo ya dawa."

Makofi. Anko akapanda jukwaani na suti, taji juu ya viganja viwili, linadondosha maji ya barafu. Hakukosa kuhutubia.

"Wengi wenu hapa mmevikwa plastiki," alisema. "Siwalaumu. Kila mtu huvikwa kwa uwezo wake. Lakini huyu ni wa Alfred. Huyu anavikwa kitu ambacho hakijawahi kukanyaga dukani."

Vigelegele vilikuwa vichache, nanyi mnaelewa kwa nini. Akageuka, akainua taji. Hapo tatizo likajitokeza mbele ya watu wote: Chepkemoi anamzidi babake kwa kichwa kizima. Bila yeye kuinama, taji halifiki.

Hakuinama. Alinyoosha mikono yote miwili mbele, viganja juu, kama mtu anayepokea kitu kwa heshima.

"Inama," Anko alinong'ona, na kipaza sauti kikasikia.

"Nipe mkononi, Baba."

"Watu wanaangalia. Inama."

"Nipe, Baba. Tafadhali. Kila jani."

"Chepkemoi, usinidharau mbele ya watu."

Hata watoto wa soksi walisimama. Anti Alice akainuka kwenye meza ya wazazi. Sijawahi kumsikia akisema hadharani kitu kisichokuwa sala.

"Baba Chepkemoi," alisema. "Kule mlimani uliziita nyasi. Nyumbani ukaziita nyasi. Kwenye simu mtoto alikuomba, ukamwambia ni nyasi. Mbele ya hawa watu tuambie, unashikilia nini?"

Anko akafungua mdomo. Nilimwona akitafuta. Akisema ni kitu cha maana, ameiba kitu cha maana. Akisema si kitu, kwa nini anaking'ang'ania? Dharau yake yote ya miaka hii ilikuwa imemsimamia mlangoni na kumzibia njia.

"Ni... ni nyasi," alisema.

"Eh, basi mpe binti nyasi zake tuendelee kula," Zachariah alisema kwenye kipaza sauti, na ukumbi mzima ukapasuka kwa kicheko. Wale wa plastiki walicheka zaidi.

Akaliachia. Hakumpa, aliliachia tu, na Chepkemoi akalidaka kama mtu anayedaka mtoto.

Akaenda moja kwa moja kwenye meza ya keki, akaomba keki iondolewe, kitambaa cheupe kikabaki. Akaanza kufumua. Lenny alikuwa amekwisha fika pale na magoti yake mabovu, sijui aliruka vipi viti vyote hivyo, akafungua mifuko ya karatasi mmoja mmoja. Kamba za kijani zikatoka kwanza, ndefu, rundo moja. Halafu vikaanza kutoka vingine vilivyokuwa vimesukwa ndani: kijitawi cha ule mti wa mfukoni na majani yake ya kucha, vidude vya kijivu, vya majivu, vya njano iliyopauka, matunda meusi madogo kama shanga, vinyoya vya kijani vinavyoota kwenye mawe yenye unyevu, ua jeupe lililogeuka kuwa manyoya ya mbegu. Kila aina rundo lake. Watu waliacha sahani, wakazunguka meza. Mama wa Fridley akauliza hiki ni nini, na kile je, na Chepkemoi akajibu bila kuinua macho, kila kimoja jina lake. Kitambaa kilijaa marundo hadi pakakosa nafasi ya keki.

"Yote haya yalikuwa mahali pamoja?" Zachariah aliuliza.

"Pamoja. Mahali pasipozidi hii meza."

"Na ni dawa ya nini?"

"Si dawa. Ni mimea tu. Ninaihesabu."

Zachariah akamtafuta Anko kwa macho. Nasi sote tukamtafuta. Anko alikuwa nje kwenye maegesho, ndani ya gari lake, injini inanguruma kwa ajili ya kiyoyozi, anatazama mbele kama dereva aliye kwenye foleni. Alirudi pilau ilipotangazwa mara ya pili. Alikula. Akasema mchele umezidi maji.

Hakuna aliyevikwa kitu siku ile. Anti Alice alimwekea bintiye mkono kichwani, akamwombea kwa Kikisii, Chepkemoi ameinama sana hadi nywele zinagusa marundo, na Lenny akiyakinga kwa viganja yasipeperuke.

Vilikauka, vikapimwa. Kuna vipande vidogo vilivyopotea kwenye taulo la Oakdale, na mama yangu na mimi tulilikung'uta taulo hilo juu ya gazeti hadi mikono ikauma. Lenny alisema hesabu inatosha. Si nzuri, inatosha. Mlima ni wa Chepkemoi. Mwaka huu tayari yuko kule, amelala kifudifudi, ananitumia picha za vitu ambavyo ninavitazama darasani chini ya dawati.

Lenny aliacha sharti moja tu, na chuo kikalikubali: jamaa wa mtafiti haruhusiwi kusogelea uzio, katika mlima huo na katika milima mingine yote wanayoifanyia kazi. Nilidhani Anko akisikia atakunja uso angalau wiki moja. Simjui bado. Jumapili ile ile aliyoambiwa, nje ya kanisa, alikuwa ameegemea gari la Korea, mikono mfukoni.

"Chuo kikuu kizima, Zachariah," alisema. "Wamekaa, wamejadili, wametunga sheria. Kwa ajili ya mtu mmoja. Wewe unamjua mwingine?"

Zachariah akafikiri, akakiri kwamba hamjui.